Maksai Wamkagua Meno, na Mtoto Wako Je?

Ndugu mkulima, uendapo mnadani kununua maksai wa kulimia, hutoi fedha kwa haraka. Kwanza wamzunguka, watazama kwato, wampapasa mgongo, kisha wamshika pua na kumfungua kinywa. Muuzaji akisema, "Huyu ni wa miaka miwili tu, bwana," wewe humtazami usoni muuzaji, watazama meno ya mbele ya chini ya mnyama. Ukiona mawili makubwa yameota katikati na yaliyobaki bado ni ya utotoni, wajua kwamba asema kweli. Ukiona yote manane yamekwisha badilika, wajua kwamba mnyama huyo ana miaka minne au mitano, na bei yapasa ishuke. Elimu hiyo hukuipata darasani. Uliipata kwa baba yako, naye kwa baba yake.

Wakulima wa Ogwedhi, walio mpakani mwa Trans Mara na wanaouziana ng'ombe na majirani zao Wamaasai tangu zamani, waijua kazi hiyo kuliko wengi wetu. Basi swali letu la mwezi huu ni dogo tu. Ni lini ulipomfungua kinywa mtoto wako mwenyewe ukatazama ndani?

Hatuulizi kwa kejeli. Twauliza kwa sababu kinywa cha mtoto, na cha mama yake, kina habari ndefu katika nchi hii, na sehemu moja ya habari hiyo haijaisha, nayo yaua watoto mpaka leo.

MENO SITA YA CHINI

Ukitaka kujua meno ya vijana yalitendewa nini zamani katika Nyanza ya Kusini, anza kwa wazee. Mzee wa Kijaluo akicheka, huenda ukaona pengo katika taya la chini. Meno sita hayapo: manne ya mbele na chonge mbili. Hayo hayakuoza. Yaling'olewa kwa makusudi alipokuwa kijana, awe mvulana au msichana, kwa chombo cha chuma, na fundi aliyeitwa janak. Desturi yenyewe iliitwa nak. Ganzi haikuwepo, na aliyelia alijiletea aibu yeye na watu wa nyumbani kwake. Alipotoka hapo alihesabiwa kuwa mtu kamili wa kabila lake, na mgeni yeyote angeweza kumjua kwa kumtazama tu.

Wazee wengine hueleza kwamba pengo lile lilikuwa na faida. Mtu akishikwa na pepopunda taya zake hufungana kabisa, hawezi kula wala kunywa, na watu wake wakampitishia uji na dawa katika pengo. Maelezo hayo yana akili ndani yake, maana pepopunda hutokana na kidonda kilichoingia uchafu wa udongo na mavi ya wanyama, na watu wenye mifugo waliuona ugonjwa huo mara nyingi. Siku hizi twaukinga kwa sindano, na mama mja mzito achomwapo sindano hiyo kliniki, humkinga na mtoto aliye tumboni.

Shule na makanisa yalipoenea, nak ikapungua mwaka hata mwaka, na leo wenye pengo hilo ni wazee. Wala usidhani kwamba Wajaluo walikuwa peke yao. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wazanaki karibu na Musoma, vijana walichongwa meno ya mbele yawe na ncha, na mmoja wao alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanzania. Na kule Uingereza, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, haikuwa ajabu msichana kung'olewa meno yote kabla ya harusi na kuwekewa ya bandia, ili mume asije akapata gharama ya meno baadaye. Kwa hiyo mtu asitucheke.

WATOTO WA SHULE NA KOLEO

Kazi ya Serikali kutunza meno ya watoto wa watu wote, tajiri na maskini, si ya zamani sana hata Ulaya. Katika mji wa Strasbourg kliniki ya meno ya watoto wa shule ilifunguliwa mwaka 1902, na Daktari Ernst Jessen. Huko Uingereza ya kwanza ilifunguliwa Cambridge mwaka 1907. Watu walikuwa wamestushwa na vita vya Afrika Kusini vya mwaka 1899 mpaka 1902, maana vijana wengi walioitwa jeshini walikataliwa kwa kuwa meno yao yalikuwa mabovu, hawawezi kutafuna biskuti ngumu za askari. Si mara ya kwanza Serikali kugundua meno ya wananchi wake inapohitaji askari.

New Zealand nayo iliona hivyo hivyo katika Vita Kuu ya kwanza. Thomas Hunter, aliyekuwa mkuu wa madaktari wa meno jeshini, alijua kwamba madaktari hawatatosha kamwe kuwafikia watoto wote wa mashambani. Basi mwaka 1921, mjini Wellington, akaanza kufundisha wasichana kwa miaka miwili, kazi moja tu: meno ya watoto. Walipohitimu walipelekwa mashuleni, kila mmoja na kiti chake, koleo zake, na kekee ya kutoboa jino iliyoendeshwa kwa kukanyaga mguu, kama cherehani ya fundi wa nguo sokoni. Watoto wenyewe hawakuwapenda. Kile chumba wakakiita "nyumba ya mauaji". Lakini magego yakazibwa badala ya kung'olewa, na nchi nyingine zikaja kuiga; Malaya walifungua shule ya namna hiyo Penang mwaka 1949.

Akina mama nao walikumbukwa polepole. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1918 iliruhusu mabaraza kuweka kliniki za wajawazito na watoto wachanga, na baadhi yake yakaweka na matibabu ya meno. Mwaka 1948 matibabu yote ya meno yakawa bure kwa watu wote. Fedha zikawa hazitoshi, na kufikia 1952 watu wakaanza kutozwa tena. Lakini angalia ni nani walioachwa wasitozwe: watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Hata fedha zilipopungua, hao hawakuguswa.

Na hapa kwetu? Wakati wa ukoloni madaktari wa meno walikuwa wachache, wakaa Nairobi na miji mikubwa, na waliotibiwa kwanza walikuwa Wazungu, kisha wenye fedha. Mtu wa Nyanza ya Kusini alikuwa na misheni, kama ile ya Waadventista iliyoanza Gendia mwaka 1906 na kujenga hospitali yake Kendu Bay katika miaka ya 1920, au alikuwa na zahanati na dresa wake. Dresa alifanya yote. Alifunga vidonda, alitoa kwinini, na jino likiuma alikuwa na koleo.

Mimi niandikaye habari hizi niliketishwa kwenye benchi la zahanati moja nikiwa na miaka tisa. Jina la mahali halina haja. Watu wawili walinishika mikono, wa tatu kichwa. Dresa alikuwa na haraka, maana foleni ilifika mpaka chini ya mwembe, na gego alilolitoa lilikuwa jirani ya lile bovu. Nikarudi kesho yake kwa lile lenyewe. Simlaumu sana, hakuna aliyemfundisha zaidi ya hapo. Lakini kwa miaka ishirini baadaye sikukanyaga tena mahali pa meno, na nina hakika kwamba msomaji ana habari kama hiyo yake mwenyewe, au ya mama yake. Hofu ya namna hiyo hurithiwa. Mama aliyeumizwa hampeleki mtoto mpaka usiku mzima umekwisha kwa kilio, na wakati huo hakuna la kufanya ila kung'oa.

Baada ya uhuru mambo yalianza kusogea. Mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya wagonjwa wa nje. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno hapa hapa Kenya, ambapo kabla ya hapo mtu hakuwa na njia ila kwenda ng'ambo. Ada zilirudi mwaka 1989 kwa jina la kuchangia gharama, na akina mama wengi wakapunguza safari za hospitali. Mwaka 1974 una maana hata kwa mtu wa shambani, kwani pamoja na madaktari walikuja kufundishwa maofisa wa afya ya kinywa wa jamii, ambao kazi yao inafanana na ile ya wasichana wa Wellington: kwenda shuleni na kliniki, kufundisha, kusafisha na kuziba.

JINO MOJA KWA KILA MTOTO

Kuna neno ambalo akina mama huambiana karibu duniani pote, kwamba kila mtoto humnyang'anya mama yake jino moja. Watu hudhani kuwa mtoto tumboni huvuta chokaa katika meno ya mama ili ajenge mifupa yake. Sivyo. Jino lililokwisha komaa halitoi chokaa yake kama ghala linavyotoa mahindi. Mtoto akipungukiwa na chokaa huitoa katika chakula cha mama na katika mifupa yake, ndiyo sababu mja mzito yampasa kupata maziwa, omena na mboga za majani.

Lakini neno hilo halikuzuka bure. Mimba hubadilisha damu ya mama, na fizi zake huvimba na kutoka damu kwa urahisi. Yeye akiona damu huacha kupiga mswaki, akidhani anajiumiza, na uchafu unaobaki huzidisha uvimbe. Tena yule atapikaye kila asubuhi huoshwa meno kwa maji makali ya tumbo. Hata njaa ndogo ndogo za mchana, zinazotulizwa kwa chai ya sukari na mandazi, nazo zina sehemu yao. Basi mama mwenye watoto sita aliyepoteza magego sita, mtoto hakuyachukua. Yalichukuliwa na fizi zilizoachwa bila kutunzwa kwa miezi tisa mara sita.

Dawa yake ni kupiga mswaki polepole hata kama damu yatoka, na itakoma baada ya siku kadhaa. Akishatapika asukutue kwa maji kwanza, asipige mswaki papo hapo. Na jino bovu la mja mzito laweza kutibiwa; asiambiwe kungoja ajifungue. Amwambie tu mtibabu kwamba ana mimba, na miezi ya katikati ndiyo inayofaa zaidi.

Kuna jambo moja ambalo wewe mwenye ng'ombe lakuhusu kuliko mtu wa mjini. Dawa za jamii ya tetrasaikilini wazijua, maana ndizo zilizomo katika sindano nyingi unazowachoma ng'ombe wako. Dawa hizo, akipewa mja mzito au mtoto wa chini ya miaka minane, huingia katika meno yanayojengwa, nayo huota yakiwa ya rangi ya manjano au kijivu maisha yote. Usikubali mtoto wako apewe vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa rejareja dukani kwa kuwa tu jirani alipona navyo.

HAYO WAYAITAYO MENO YA PLASTIKI

Sasa twafika mahali ambapo hatuwezi kupita haraka.

Tuseme kuna nyumba moja, na isiwe na jina. Mama ni kijana, huyu ni mtoto wake wa kwanza, wa miezi saba. Mtoto ameanza kuhara, ana homa, alia usiku, akataa kunyonya, atia mikono kinywani. Mama mkwe, ambaye amezaa na kuzika, na ambaye ampenda mjukuu wake kuliko mtu yeyote, afungua kinywa cha mtoto. Apitisha kidole juu ya ufizi na kuona vivimbe vyeupe upande huu na huu, mahali pa chonge. Asema, "Binti yangu, mtoto huyu ana meno mabaya. Hayo ndiyo yanayomhangaisha. Yasipotolewa tutampoteza." Mama ajibu, "Lakini mama, nesi alisema nimlete." "Nesi hakuzaa mtoto huyu," asema bibi. Na kuna mtu anayejua kuyatoa, kijiji cha pili.

Huyo mtu atamlaza mtoto, atapasua ufizi kwa kisu, au msumari, au waya wa gurudumu la baiskeli ulionolewa, na kukichokoa kile kivimbe mpaka kitoke. Kinachotoka ni kitu kidogo cheupe, chororo, kama punje ya hindi bichi kabla ya kukomaa. Kila mtu akakiona na kusadiki: hiki ndicho kidudu kilichokuwa kikimla mtoto.

Ndugu msomaji, kile si kidudu wala si plastiki. Ni jino la mtoto lenyewe, chonge ya utotoni, ambalo bado lajengwa ndani ya ufizi na lilikuwa litoke lenyewe akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kila mtoto mchanga duniani ana vivimbe hivyo, mwenye afya na mgonjwa. Wewe ulikuwa navyo, na bibi huyo alikuwa navyo. Kama mtu akifukua shamba lako wiki moja baada ya kupanda, akakuonyesha punje iliyovimba na kuchipua, akakuambia kwamba ndiyo inayoharibu udongo, ungemfukuza kwa fimbo.

Desturi hii ni ya nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1969 Profesa Pindborg wa Denmark aliandika habari zake kutoka kwa Waacholi wa kaskazini ya Uganda. Tanzania yajulikana kwa jina hilo la meno ya plastiki au ya nailoni. Na majirani wa Ogwedhi si wageni nayo: mwaka 1995 wataalamu wa Nairobi waliandika kwamba waliwachunguza watoto 95 wa Kimaasai wa vijijini, wa umri wa miezi sita mpaka miaka miwili, na 87 katika kila mia walikuwa wametolewa chipukizi moja au zaidi za chonge. Usisome hesabu hiyo na kusema, "Ni Wamaasai hao." Mpaka wa Trans Mara hauzuii ng'ombe, wala hauzuii desturi, na ndoa pia hupita.

Nini hutokea baadaye? Damu hutoka, na mtoto mchanga hana damu nyingi ya kupoteza. Kidonda ki kinywani, basi hanyonyi, na kuhara kule kulikomleta kwaendelea. Chombo ni kile kile kilichotumika kwa mtoto wa jana na wa juzi, nacho chaweza kuleta pepopunda, sumu ya damu, hata virusi vya UKIMWI. Wengine hufa, na watu husema kwamba meno yalikuwa mabaya sana, walichelewa kuyatoa. Wengine hupona, kwa kuwa kuhara kwa watoto mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, na huyo aliyechokoa husifiwa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya desturi hii. Akifa, meno ndiyo ya kulaumiwa. Akipona, fundi ndiye wa kushukuriwa.

Na aliyepona hajamaliza. Chini ya chipukizi lile la utotoni lajengwa jino la ukubwani, na waya ule haujui mpaka wake. Mtoto hufika miaka kumi na chonge haitoki, au yatoka imepinda, na la jirani yake lina kovu.

Basi mtoto ahara, ufanye nini? Atakaye kufa afa kwa kukaukiwa na maji, na hilo ndilo la kupigana nalo. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi kuliko siku nyingine. Pata pakiti za chumvi maalumu na vidonge vya zinki katika zahanati. Kama pakiti haiko karibu, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, koroga, umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Usizidishe chumvi. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, kinywa kimekauka, hawezi kunyonya, au kinyesi kina damu, usingoje asubuhi. Na kama ana homa, apimwe malaria, maana katika nchi yetu ya Ziwa homa haikosi kuulizwa swali hilo.

Kwa mama mkwe twasema kwa heshima: wewe ndiwe unayesikilizwa katika nyumba. Neno lako moja lina nguvu kuliko mabango yote ya Idara ya Afya. Nenda na binti yako kliniki, uketi naye, umwulize nesi mbele ya watu kama hivyo vivimbe ni nini.

MENO YANAPOLEGEA BILA SABABU

Kuna hatari nyingine, haba zaidi, ambayo kila mzazi wa ukanda wa Ziwa yampasa aijue. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, amtazame mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, akaona kwa dirisha mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu, wakasafiri kiasi cha maili 10,000 kutoka Uganda mpaka kusini ya Afrika, wakiuliza kila hospitali kama wamemwona mtoto wa namna hiyo. Waligundua kwamba ugonjwa huo wa saratani wapatikana nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi, na nchi yetu ya Ziwa imo ndani kabisa.

Jambo la kukumbuka ni hili. Mara nyingi dalili ya mapema huwa kinywani: magego ya mtoto mdogo yalegea kabla ya wakati wake, au yasukumwa nje ya safu, kisha taya lavimba bila kuuma sana. Uvimbe huu hukua kwa kasi, siku kwa siku. Usimpeleke kwa mng'oa meno. Usingoje mavuno. Mpeleke hospitali kubwa, Migori au Homa Bay, nao watajua pa kumpeleka zaidi. Ugonjwa huu watibika kwa dawa za sindano, na wapo wengi waliofika mapema wakapona kabisa.

MUWA, CHAI NA DAWA YA MENO

Wazee wetu walikuwa na meno mazuri kwa kuwa sukari ilikuwa asali, na asali ilikuwa na nyuki. Sasa twaishi kando ya kiwanda cha Awendo, kampuni iliyoundwa mwaka 1976, na wengi wenu mwapeleka miwa huko. Hatusemi usiilime. Twasema kwamba vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino, na ubaya hauko katika wingi wa sukari tu, bali katika mara ngapi kwa siku. Mtoto anywaye chai tamu mara moja na chakula ana nafuu kuliko yule atembeaye na peremende tangu asubuhi hata jioni. Mbaya kuliko yote ni chupa ya chai au uji mtamu anayolala nayo mtoto kinywani. Meno manne ya mbele ya juu huwa meusi na kubomoka kabla hajatimiza miaka mitatu.

Kijiti cha mswaki ni kizuri kikitafunwa mpaka kiwe brashi na kutumiwa kwa subira. Upungufu wake ni kwamba hakina floridi ya kutosha, na floridi ndiyo inayokaza jino. Habari hiyo yajulikana vizuri tangu mwaka 1945, mji wa Grand Rapids huko Marekani ulipoanza kuitia katika maji ya bomba. Kwa hiyo nunua dawa ya meno yenye floridi, utumie kidogo: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, punje ya njegere kwa mkubwa kidogo. Na ikizidi ni hatari pia. Walioletwa katika skimu kutoka upande wa Naivasha na Nakuru, mkiona meno yao yana madoa ya kahawia, msiseme ni wachafu. Ni maji ya Bonde la Ufa, yenye floridi nyingi kupita kipimo cha miligramu moja na nusu kwa lita, waliyoyanywa utotoni.

Sasa rudi kwenye swali letu la kwanza. Kukagua kwenyewe ni rahisi kuliko maksai, maana mtoto hapigi teke kwa nguvu hiyo. Keti nje penye mwanga, ukabiliane na mkeo, magoti yenu yaguse. Mtoto akae kwa mama, kisha alazwe kichwa chake magotini pako. Inua mdomo wa juu kwa kidole, utazame penye mpaka wa jino na ufizi. Mstari mweupe kama chokaa ni mwanzo wa kuoza, na hapo jino bado laweza kuokolewa bila kekee. Kahawia au shimo ni kazi ya kliniki. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi tangu jino la kwanza litokapo, na umwonyeshe mtu wa meno kabla mtoto hajatimiza mwaka, siku hiyo hiyo ya chanjo kama yupo.

Na kwa kuwa watoto wetu wachunga ng'ombe, jambo la mwisho. Mtoto wa shule akipigwa teke na jino la ukubwani likang'oka zima, lichukue kwa upande wa kutafunia, usishike mzizi wala kuusugua. Lisuuze kidogo kama lina udongo, ulirudishe penyewe mahali pake, mtoto aume kitambaa. Ukishindwa, litie katika kikombe cha maziwa, ukimbie naye kwa daktari wa meno, ikiwezekana kabla ya saa moja kupita. Jino la utotoni usilirudishe. Maziwa hayo si lazima yawe ya dukani. Ya ng'ombe yule yule aliyepiga teke yatafaa.